Siku Tuliyotengeneza Watu kwa Maharage

Kwetu jina la mtu aliye hai halipewi mtu mwingine. Sijui huko kwa wengine wanafanyaje. Wapo wanaomwita mtoto jina la mjomba wake huku mjomba mwenyewe anakula ugali pale pale. Sisi hapana. Mtoto akizaliwa tunatazama nyuma kwa waliotangulia, tunamchagua mmoja, tunamrudisha nyumbani. Kuanzia hapo kichanga kile naweza kukiita baba, na hakuna anayecheka. Kwa hiyo ukichukua jina la mtu ukampa mwingine, umeshasema neno. Umesema yule wa kwanza hayupo tena duniani.

Naanza na hilo maana bila hilo hamtaelewa kwa nini nilimwaga ungo mzima wa maharage, mimi ambaye sijawahi kumwaga hata chumvi.

Nilikuwa na mtoto wa kiume. Alikuwa mtunza ghala katika shirika moja pale Makambako. Ikaja ile miaka ya ruksa, ya biashara huria, mashirika yakafungwa, watu wakapunguzwa kazi kama unavyong'oa mahindi yaliyosongamana. Naye alipunguzwa. Hakukaa kulia. Akaanza kwenda Zambia kwa treni, anapeleka mchele na maharage, anarudi na mashuka na blanketi. Safari kadhaa alikwenda na kurudi. Halafu akaenda nyingine.

Nilimsindikiza mwenyewe mpaka stesheni ya Makambako. Alivaa koti la mtumba, la kahawia, limempwaya mabegani. Nikamwambia, "Koti hilo halikutoshi." Akasema, "Mama, ndani yake kuna fulana za kuuza. Mpakani wataona mtu mnene tu." Akacheka, akapanda. Basi. Barua hakuna, salamu hakuna, mwili hakuna. Mwaka ukaisha, ukaja mwingine, ukaja mwingine tena.

Shemeji yangu mkubwa, ndugu wa marehemu mume wangu, alikuwa anakuja kijijini kwetu Yakobi, huku Njombe, kila baada ya mavuno kuniambia neno lile lile. "Shemeji, tuweke tanga. Mtu hawezi kuning'inia hivi. Kama amekufa, anatudai kilio."

"Kama hajafa?"

"Shemeji, miaka yote hii?"

"Nimekuuliza, kama hajafa?"

Anakunywa ulanzi wake, pombe yetu ya mianzi, anaondoka. Si mtu mbaya, wala hakuwa anatafuta kitu. Lakini mimi nilikuwa nimeamua. Kila jioni nilipopakua, nilipakua na sahani ya mwanangu, ile ya bati yenye ua la bluu, naifunika. Asubuhi natia kuku. Tanga sikuweka. Kulia sikulia, na nilisema hadharani kwamba atakayelia katika nyumba yangu atakuwa amemzika mwanangu akiwa hai.

Na alikuwepo binti yake. Mama yake alishaolewa kwingine, huko Songea, kwa hiyo mjukuu aliachwa kwangu. Alikuwa anasoma sekondari ya misheni, bweni. Mtoto mtulivu. Hakuuliza kitu, hakulia. Anaifunika sahani ya baba yake vizuri kuliko mimi. Nikawa nasema, huyu nimemlea.

Ndipo ikaja likizo ya mwezi wa sita. Mnaijua baridi ya Njombe ya mwezi wa sita, asubuhi majani yamekuwa meupe kama yamemwagiwa unga. Mchana ule tulikaa jikoni, moto wa kuni za miwati unawaka, tunachambua maharage. Tulikuwa watatu: mimi, mjukuu, na shoga yangu wa Makambako. Huyu shoga ni Mwislamu, mama wa Kipwani aliyekuja na mumewe mwenye malori, akabaki, akawa na gesti pale karibu na njia panda. Alikuwa amekuja kununua maharage ya wageni wake. Huyo ndiye aliyeniulizia madereva. Kila lori lililotoka mpakani Tunduma, kabla dereva hajapewa chumba, kwanza anaulizwa, "Hujamwona mtu wa koti la kahawia?"

Mjukuu akasema, "Bibi, niwaonyeshe mchezo?"

"Michezo kazi ikiisha."

"Ni mchezo wa kukaa na kusema, Bibi. Mikono inaendelea kuchambua."

Akachomoa kitu mfukoni, akakiweka juu ya ungo. Ni kidude cha bluu, kina pande nyingi, na kila upande una namba.

Shoga yangu akaruka kama ameona nyoka. "Astaghfirullahi! Dadu! Dada, mjukuu wako anacheza kamari mbele ya wazee!"

"Si kamari, Bibi wa Makambako. Hakuna hela."

"Kamari isiyo na hela ndiyo mbaya zaidi! Ile nyingine angalau mtu anapata."

Mimi nilishtuka, lakini nilishtuka kimyakimya. Nikamuuliza amekitoa wapi. Akasema kuna mwalimu pale shuleni, msichana wa Kizungu aliyekuja kujitolea. Jumamosi wanakaa darasani, yeye na wasichana wachache, wanacheza hicho. Kila mmoja anatengeneza mtu.

"Anatengeneza nini?"

"Mtu, Bibi. Unaamua ni mwanamke au mwanamume. Anatoka wapi, ana nguvu kiasi gani, akili kiasi gani, anajua kazi gani. Unampa na jina. Halafu watu wenu wanakwenda safari pamoja, na mmoja wenu anasimulia wanakutana na nini."

Mdomo ulinibaki wazi. "Watu anatengeneza Mungu," nikasema. "Masista wanajua habari hiyo?"

"Sista mmoja alikaa akatazama. Akacheka sana."

"Sista yupi?"

"Wa jikoni."

"Ahaa. Wa jikoni."

Nilitaka kulifunga jambo hapo, lakini shoga yangu ana udadisi wa paka. "Hebu ngoja, dada. Hao watu wa aina gani?"

Mjukuu akaanza kueleza. Wapo watu wenye masikio marefu wanaoishi porini. "Kama sungura?" akauliza shoga. Wapo watu wafupi, wana ndevu, wanachimba dhahabu chini ya milima. "Hao nawajua, wako Chunya, wawili wamelala gesti kwangu wakaondoka na shuka." Wapo wapiganaji. Wapo wachawi.

"Wachawi!" Sasa nilisimama. "Katika nyumba hii? Mimi ninayeishi na majirani wananisalimia kwa amani, unaniletea wachawi jikoni?"

"Bibi, si lazima. Unaweza kuwa mwizi."

"Mwizi! Na wenzake wanatembea naye?"

"Ndiyo, Bibi. Yeye ndiye anayefungua makufuli."

"Basi mimi huyo," akasema shoga yangu. "Funguo za vyumba zimenishinda. Lakini dadu sishiki. Dini yangu hairuhusu."

"Wala yangu," nikasema, ingawa sikuwa na hakika.

Mtoto akafikiri kidogo. Ungo ulikuwa mbele yake, maharage mchanganyiko, ya njano na yale ya madoa, ndiyo tuliyokuwa tunatenganisha. Akalirudisha lile dadu mfukoni. "Basi tutumie haya. Unafumba macho, unachota konzi. Tunahesabu yenye madoa. Hizo ndizo nguvu zako. Unachota tena, hiyo ndiyo akili."

Shoga yangu akafumba macho, akachota konzi la mtu mwenye gesti. Madoa yalijaa kiganja. Akapiga kigelegele. Akachota akili, yakatoka ya njano matupu. Tulicheka mpaka machozi yakatutoka, na mimi siyo mtu wa kucheka ovyo. Akataka mwizi wake awe na lori. Akaambiwa huko hakuna malori. "Basi punda. Nguvu zote hizi nibebe mzigo mwenyewe?" Akapewa punda. Jina akampa la mume wake wa kwanza. "Yule alikuwa mwizi kweli," akasema, "na ameshakufa, Mungu amrehemu, kwa hiyo dada usinitazame hivyo, sijavunja mila yenu."

Ni katika kicheko hicho ndipo nikauliza. Niliuliza tu, kama mtu anavyouliza habari za shule. "Na wewe? Mtu wako wa kwanza uliyemtengeneza huko shuleni, ulimwitaje?"

Mjukuu akainamia ungo. Akaendelea kuchambua.

"Nimekuuliza."

Akataja jina la baba yake.

Sikumbuki nilivyosimama. Nakumbuka maharage yanaviringika sakafuni mpaka kwenye majivu, na shoga yangu ameshika kichwa. Mtoto huyu anajua mila. Alikuwepo tulipompa jina mtoto wa jirani, alinisikia nikisema kwa nini. Mimi nimekataa miaka yote hiyo, nimewakatalia wanaume, nimemkatalia shemeji, halafu mtoto wa shule, Jumamosi, kwenye mchezo, amemwua baba yake kwa mdomo.

"Nani amekuambia amekufa?" Sauti yangu sikuitambua. "Sema! Nani amekuambia?"

"Hakuna, Bibi."

"Kwa hiyo umejiamulia?"

"Hakuna anayeniambia kitu. Kwamba amekufa, hakuna. Kwamba yu hai, hakuna." Bado ameinama, lakini sasa anaongea, na alipoanza hakukoma. "Mwezi wa kumi na moja kanisani wanasoma majina ya marehemu. Wenzangu wenye marehemu wanapeleka majina. Mimi sipeleki, kwa sababu Bibi amesema yu hai. Kwenye sala za walio safarini nataka kumtaja, naona kama nadanganya. Sina pa kumwombea, Bibi. Huku sipo, kule sipo. Mwalimu aliposema tutengeneze mtu, nikaona hapo nitamweka. Nimempa lile koti. Nimempa miguu yenye nguvu kuliko vitu vyote. Kila Jumamosi namtembeza. Anatoka huko Zambia kwa miguu anakuja nyumbani."

Shoga yangu akasema taratibu, "Amefika wapi, mwanangu?"

"Hafiki. Akikaribia Makambako naogopa, namrudisha nyuma. Wenzangu wanakasirika, wanasema kila siku tunavuka mto ule ule."

Nilikuwa nimejiandaa kumchapa. Nasema kweli, mkono ulikuwa tayari. Na mshtuko huu wa pili ulikuwa mkubwa kuliko ule wa kwanza, kwa sababu nilielewa kitu ambacho miaka yote sikukiona na macho yangu mawili yapo. Nilikuwa namwekea mwanangu sahani, na mtoto wake sikumwekea kitu. Sikumruhusu kungoja kwa namna yake wala kulia kwa namna yake. Alikuwa amesimama mtoni na baba yake, peke yake.

Nikainama. Nikaanza kuokota maharage. Nao wakainama, tukaokota wote watatu, tukayarudisha kwenye ungo pamoja na majivu yake. Kisha nikakaa chini, nikafumba macho, nikachota konzi.

"Hesabu."

Mjukuu hakuelewa. "Bibi?"

"Si ulisema kila mmoja anatengeneza mtu? Hesabu nguvu zangu."

Akahesabu. Yenye madoa yalikuwa machache, unayaona mara moja. Akanitazama kwa huruma. "Unaweza kuchota tena, Bibi. Mara ya kwanza mwalimu huwa anaturuhusu."

"Mimi ni mzee. Nguvu hizo zinatosha. Mtu wangu ni mwanamke mzee. Hajui kupigana. Hana uchawi, na aandikwe hivyo hivyo, hana uchawi. Jina hana. Kazi yake anakaa stesheni ya Makambako anamngoja mtu."

"Ndiyo, Bibi."

"Sasa mlete."

Akashtuka yeye zamu hii. "Nani?"

"Unajua nani. Mvushe mto huo. Mlete mpaka stesheni. Mimi nipo pale, kuna baridi, nimejifunga shuka mbili. Simulia."

Akasimulia. Sijawahi kumsikia akiongea hivyo. Akamvusha mto maji yakiwa kifuani. Akampitisha Tunduma sokoni, watu wanauza sukari, hakuna aliyemjua. Akampitisha Mbeya kwenye ukungu. Akapita njia yote ile kando ya reli, nyasi zikimkata miguu, koti linampwaya. Shoga yangu alisahau kuwa yeye ni mwizi, alikuwa amejifunika mtandio mdomoni. Mtu yule akaiona miti ya Makambako, akaona taa za malori. Akafika kwenye jukwaa la stesheni. Akasimama.

"Kamwene, mwanangu," nikasema. Ndivyo tunavyosalimiana kwetu. Nililisema kwa sauti, jikoni kwangu, mchana kweupe, nikimwambia mtu ambaye hayupo. Sikuona aibu. "Nimekungoja. Sasa nikuulize jambo moja, na unijibu kama ulivyonijibu sikuzote, bila kunizungusha. Uko upande wa walio hai au uko upande wa marehemu? Nijue nikuweke wapi."

Nilidhani ataniambia yu hai. Mtoto yeyote angesema hivyo, ni mchezo, unasema utakalo, unampeleka mtu nyumbani anakula. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nilikuwa nalitaka.

Mjukuu alipeleka mkono kwenye ungo. Alishika harage moja, akaligeuzageuza vidoleni. Kisha akasema, siyo kwa sauti ya kuigiza, kwa sauti yake yenyewe ya kitoto:

"Mama, nimechoka kutembea. Wape jina langu wanisome mwezi wa kumi na moja."

Hapo ndipo alipolia. Alilia kama mtu aliyebanwa na mlango. Na mimi niliyesema hakuna wa kulia katika nyumba yangu, nilimvuta nikamweka mapajani, msichana mrefu kuliko mimi, na nikasikia sauti nyingine kubwa inalia. Nikadhani ni shoga. Kumbe ni mimi. Majirani walikuja mbio wakidhani moto umeshika nyumba. Walipotukuta wakauliza, "Nani amekufa?" Nikawajibu. Nikataja jina.

Tanga tuliliweka kabla likizo haijaisha. Shemeji yangu alikuja, nilidhani atasema, si nilikuambia. Hakusema. Alikaa nje kwenye moto na wanaume, hata ulanzi aliunywa kidogo. Kitu cha kuzika hatukuwa nacho. Koti aliondoka nalo. Padri alisali, tukakaa siku zetu, tukanyoa, tukaanua tanga. Shoga yangu alikuja na gunia la mchele na wanawake wenzake wa Makambako, wakapika sufuria ambazo sijawahi kuziona kwa ukubwa.

Baada ya hapo nilikwenda kwake Makambako kupeleka maharage. Nikamkuta mlangoni na dereva wa kutoka Tunduma, mfuko bado uko begani kwa dereva. "Hujamwona," anamuuliza, "mtu wa koti la kahawia?"

Nilishtuka. "Shoga! Si tumeshamaliza?"

"Nyie mmemaliza kwa upande wenu, dada. Mwezi wenu wa kumi na moja mimi haunihusu. Dereva kuulizwa hapungukiwi kitu." Akamgeukia yule kijana. "Haya, chumba cha tatu, na shuka nimezihesabu."

Sikumkataza. Mpaka leo sijui kama nilitakiwa kumkataza.

Mwezi wa kumi na moja nilikwenda kanisa la misheni, alikosoma mjukuu. Wakasoma majina. Lilipofika la mwanangu niliminya rozari mpaka ikanichoma. Nikasikia wasichana wa bweni wanaitikia, na sauti ya mjukuu inasikika juu ya zote, imenyooka, haitetemeki.

Tulipotoka nje alinishika mkono. Alikuwa na jambo. Namjua anapokuwa na jambo.

"Bibi, yule wa kwenye mchezo. Nimfute?"

Nikafikiri. "Usimfute. Sasa jina lake linaruhusiwa, anaweza kulichukua yeyote. Aendelee na wenzake. Mwambie yule mwizi amgawie punda."

Akacheka. Tukatembea kidogo, akasimama tena.

"Na yule bibi wa stesheni, Bibi? Yeye nimfanyeje?"

"Huyo mrudishe nyumbani," nikamwambia. "Pale stesheni kuna baridi."